Mahali ya Kija

Urs Gisler alikuwa na ng'ombe zaidi ya arobaini kwenye mabanda yake ya Buhongwa, na katika miaka yote aliyoishi na mke wake hakuwahi kupeleka hata ndama mmoja ukweni. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine nitakayosema, ya jibini na mtindi, ni ya kuwasaidia mwelewe alikuwa mtu wa namna gani, maana watu wa Mwanza wamemsema sana, na wengi wamemsema ovyo.

Mimi naitwa Gidion Ojuok. Ni Mjaluo wa Rorya, nililetwa Mwanza na serikali kuwa bwana mifugo, nikastaafia hapa hapa, Kiseke. Nimechoma sindano ng'ombe wengi kuliko watu niliowahi kuwapa mkono. Sina subira na watu wenye misimamo, wala sina subira na wazee wenye kununa. Mungu akaona anijaribu: akaniweka mshenga katikati ya mtu wa aina ya kwanza na mzee wa aina ya pili.

Jina lake halikukaa kinywani mwa mtu. Urs gani? Majirani wakamwita Urusi, yakaisha. Mwanzoni alikuwa anawaeleza kwa upole kwamba yeye si Mrusi, ametoka Uswisi. Watu wakasikia Uswazi, wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakamwambia Uswazi hata sisi ndiko tunakotoka. Mwisho akachoka, akawa anaitika.

Alikuja miaka ya tisini na mradi wa kanisa wa kufundisha watu kufuga ng'ombe wa maziwa. Mradi ukaisha kama miradi inavyoishaga, wenzake wakafunga mizigo, yeye akabaki. Alinunua kipande cha kilima Buhongwa wakati kule bado ni vichaka na mawe, watu wakamcheka kwamba mzungu amenunua mawe. Kumbe aliyataka hayo hayo mawe. Kati ya majabali mawili makubwa kulikuwa na upenyo wenye ubaridi mchana kutwa, akauziba kwa mlango, akapanga mbao, akawa anahifadhi jibini lake humo hadi likomae. Nilipelekwa kwake mara ya kwanza kwa sababu ya mtamba aliyekuwa na ndigana, homa ya kupe. Mtamba alipona, tukawa marafiki.

Sasa niwaambie tabia yake, kwa sababu ndiyo iliyomfikisha alikofika. Yule bwana hakujua kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu ambao sisi sote tunaishi nao. Ukimkaribisha dagaa, mtu mwingine angesema ameshiba lakini ataonja, yeye atakuambia, "Hapana, asante, dagaa sipendi." Mfugaji akimletea maziwa yenye maji, atayamwaga chini mbele yake bila kumtukana, kisha atamwomba aje tena kesho. Siku moja alimwaga tangi zima la maziwa yake mwenyewe kwa sababu ng'ombe mmoja aliyechomwa sindano alikamuliwa pamoja na wengine kabla muda wa dawa haujaisha. Wafanyakazi walimlilia. Hakuna mteja aliyejua, na hakuna ambaye angejua. Nilimheshimu kwa hilo, na bado namheshimu, ingawa nimekwisha kumkasirikia mara nyingi mno.

Kija alikuja pale kuosha madebe ya maziwa. Alikuwa binti wa kwanza wa Mzee Machibya wa Bujora, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti ya kufika barabarani. Jibini lilikuwa halinunuliwi na mtu zaidi ya hoteli na mapadri. Watu wa kawaida waliliona wakasema ni sabuni. Kija akaanza kulikaanga na vitunguu mbele ya kibanda cha mtindi, akawa anawapa wapita njia waonje bure. Wakaonja, wakarudi. Biashara ya Urusi ilisimama kwa miguu ya Kija, na Urs mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Walipendana. Mimi niliona kwa macho yangu mtu mzima akijifunza kucheka.

Wakaenda bomani, wakafunga ndoa, wakapewa cheti. Wiki ile ile Urs akanifuata, akaniomba nimsindikize Bujora akawasalimie wazazi. Nikamwambia kwetu watu huanza na wazazi ndipo waende bomani. Akasema ameelewa, lakini ndoa ni ya watu wawili.

Tulikaribishwa vizuri. Mzee Machibya alikuwa amekaa uani karibu na zizi pamoja na ndugu zake, na kijana wake Mashimba amesimama nyuma yake. Urs alikuwa amebeba blanketi na jibini zima, kubwa kama kigoda. Akaamkia kwa heshima, shikamoo yake safi kabisa, safi kuliko yangu, maana sisi Wajaluo "sh" hutupiga chenga na mimi nimezeeka nikisema "sikamoo". Yeye Kiswahili alikisoma darasani, kila herufi ilikaa panapotakiwa.

Na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwenye herufi. Ulimi wa Kisukuma hauipendi "r". Mzee wa Bujora akitaka kusema barabara atasema balabala, na harusi kwake ni halusi. Sisi tuliozoea hatusikii hata tofauti.

"Sasa bwana Ulusi," Mzee Machibya alisema, "maneno mengi ya nini. Tunataka kusikia mahali ya Kija."

Urs akafurahi. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Mahali pake ni kwangu, Buhongwa," alisema. "Nyumba ipo tayari, ina vyumba vitatu na maji ya bomba."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaguna, akidhani mkwe ana utani. Mzee Machibya akatabasamu, akarudia polepole kama unavyorudia kwa mgeni: "Siyo hivyo, bwana. Mahali. Mahali ya Kija ni ng'ombe."

Nilifungua mdomo nieleze, lakini Urs alikuwa ameshasimama, uso mwekundu kama nyanya.

"Mahali pa Kija si kwa ng'ombe! Kija si ng'ombe, mzee wangu. Mimi sitamweka binti yako pamoja na ng'ombe hata siku moja."

 Alichokisema yeye ni kwamba binti huyu ni mtu, hatalala zizini, hatafananishwa na mnyama. Walichokisikia wao ni kwamba binti huyu hafikii ng'ombe. Nikamvuta shati. Nikamwambia kwa haraka, "Mahari, Urs. Mahari, yenye 'r'. Anauliza mahari." Nikawageukia wazee nikawaambia mgeni hakusikia vizuri, na nikaona kabisa mabega ya Mzee Machibya yakilegea, kicheko kikianza kumjia. Tulikuwa karibu kuokoka. Kama Urs angecheka tu wakati ule, hadithi hii ingekuwa ya kuchekesha watu kwenye halusi za watu wengine.

Urs alifikiri kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na kwa Kiswahili chake safi, "Samahani, sikusikia vizuri. Lakini jibu langu ni lile lile. Mimi sinunui mtu."

 Mzee Machibya aliinuka, akaenda akasimama kwenye lango la zizi, akawatazama ng'ombe wake akiwa ametupa mgongo. Hakurudi. Tulikaa mpaka ikawa aibu, tukaondoka, jibini likabaki juu ya kiti.

Njiani alinieleza. Mama yake aliolewa akiwa na malisho yake na ng'ombe wake aliorithi kwa baba yake, na mumewe akauza kimoja kimoja bila kumuuliza. Mama huyo hakuruhusiwa hata kupiga kura mpaka Urs mwenyewe alipoanza shule. Alikuwa anakamua ng'ombe ambao si wake tena, analia, na mtoto anaona. "Niliapa, Gidion," aliniambia. "Mbele yangu mwanamke hatahesabiwa kwa ng'ombe."

Nilimwambia kwamba kwao ng'ombe waliondoka na mwanamke wakaliwa na mume, na huku ng'ombe wanakuja kwao mwanamke ili asimame mbele za watu. Ni mambo mawili. Akasema ng'ombe ni ng'ombe. Niliona kichwa chake ni kigumu kama yale majabali yake, nikakasirika, sikumsemesha tena mpaka Igoma.

Msidhani alikuwa bahili. Alimwezekea mkwe wake nyumba kwa bati. Alisomesha watoto wa ndugu za Kija, alipeleka wagonjwa hospitali kwa gari lake, na kila sikukuu dumu la mtindi lilifika Bujora. Wazee walipokea vyote, wakashukuru. Lakini zawadi ni zawadi. Kija aliwahi kuniambia, "Urs amewapa kila kitu isipokuwa kile walichoomba." Wakati huo bado alikuwa anacheka akisema hivyo.

Kilichomuuma si jambo moja kubwa. Ni vidogo vidogo. Kwenye harusi za nyumbani alikalishwa na wasichana ambao hawajaolewa, yeye mama mtu mzima, magoti yamegusana na ya wapwa zake. Mashangazi walipomsalimia hawakuuliza habari za kwa mumeo, waliuliza, "Habari za huko unakokaa?" Na mtoto wake Evelina alipozaliwa, Bujora walimpokea kwa shangwe, wakampa jina la ukoo wao bila kumuuliza mtu, kwa sababu mtoto aliyezaliwa ng'ombe hawajatoka ni wa kwao mama. Urs alicheka, akasema jina ni jina. Hakuelewa kwamba alikuwa ameambiwa mtoto si wake.

Halafu kulikuwa na Mashimba. Ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Ndivyo watu wa kule walivyopanga maisha yao toka zamani. Mashimba alikuwa na mchumba, wakwe wakasubiri, wakachoka kusubiri, msichana akaolewa Magu. Alikuja kuoa amekwisha kuota mvi. Hakuwahi kumgombeza dada yake. Ila Urs akifika nyumbani, Mashimba alikuwa anatoka kwenda kuangalia kitu shambani.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mpaka leo ikinijia nakosa raha. Kija alikuja nyumbani kwangu Kiseke asubuhi, amevaa vizuri kama anakwenda kanisani.

"Shikamoo, baba Akumu," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Marahaba, mama. Kwema?"

"Kwema. Nimekuja kukutuma." Akakaa, akakunjua mikono. Kwa miaka kadhaa alikuwa akitenga faida ya mtindi wake mwenyewe, na Urs alijua anatenga ila hakuuliza ni ya nini. Alikuwa ananunua ng'ombe wa kienyeji mnadani, mmoja mmoja, na kuwaweka kwa rafiki yake Usagara wakachungwa huko. Sasa walikuwa wametimia. "Sitaki atoe kitu," alisema. "Sitaki aseme kitu. Ashike fimbo tu, atembee nyuma yao, aingie nao kwa baba. Nitakuwa nimekaa ndani na mama zangu, nitasikia vigelegele. Basi."

Nilikwenda naye Buhongwa siku hiyo hiyo. Urs alinisikiliza mpaka mwisho, anafuta mikono kwa taulo.

"Hao ng'ombe ni wa nani?" aliuliza.

"Wa Kija."

"Kwa hiyo Kija ajinunue mwenyewe kwa jasho lake, na mimi nijifanye mnunuzi. Huo ni uongo, Gidion, tena ni uongo mbaya kuliko kununua."

Kija alikuwa mlangoni, na Evelina, wakati huo msichana wa miaka kumi, amesimama karibu naye. "Urs," Kija alisema, "sikuombi useme. Nakuomba utembee."

"Nikitembea nitakuwa nimesema."

Kija alimtazama. Nilidhani atalia au atapiga kelele, na ningefurahi apige. Akasema tu, "Haya," akarudi kwenye jibini lake. Mwezi uliofuata aliwauza wale ng'ombe wote, akanunua jokofu la mtindi. Hakuniletea tena habari hiyo, na sikumbuki kumsikia tena akicheka kwa ile sauti ya kufika barabarani. Urs alidhani ni umri.

Kija alianguka mwaka juzi, wakati wa masika, akiwa anageuza jibini kule kwenye majabali. Presha. Walimfikisha hospitali akiwa hai, hakuamka, kesho yake akafa. Nilipofika Buhongwa nilimkuta Urs bandani anakamua kwa mikono, mashine zimezimwa, anakamua ng'ombe mmoja baada ya mwingine na machozi yanamdondoka. Alikuwa ameshaonyesha mahali pa kuchimba kaburi, juu ya kilima, ambapo yeye na Kija walizoea kukaa jioni wakitazama taa za mjini. Alitaka mke wake alale pale. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Mashimba alifika adhuhuri na wajomba wawili. Walimpa pole Urs, wakakaa, wakanywa maji. Kisha Mashimba akasema, "Shemeji, tumekuja kukuaga. Dada yetu tunakwenda kumzika nyumbani."

"Nyumbani kwake ni hapa," Urs alisema.

"Kwetu hajaondoka bado. Unajua hivyo. Na Evelina ni mtoto wetu, atakwenda na mama yake."

Urs akaingia ndani, akatoka na cheti cha ndoa, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chai ya moto. Mashimba alikisoma chote, juu mpaka chini, mihuri yote. Akakirudisha kwa adabu.

"Hiki kina ng'ombe wangapi?" aliuliza.

Walipoondoka Urs aliniambia anakwenda mahakamani. Nilimwambia sheria iko upande wake na huenda akapewa mwili. Atamzika na polisi wawili na mimi. Ukoo mzima wa Kija hautakanyaga, na Evelina atakua akijua kwamba mama yake alizikwa kama mtu asiye na kwao. Nilikuwa na hasira na sikuzificha.

"Kija angetaka nini?" aliniuliza.

"Alichotaka unakijua. Alikuja kwangu, akaja kwako."

Alikaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji. Nimeona watu wengi wakilia, lakini yule alilia kama mtu anayejifunza kulia. Alipomaliza akasema tutapeleka ng'ombe.

Akataka kupakia wale wake wakubwa, wa mabaka meusi na meupe, wenye majina ya mabinti wa kwao Uswisi. Nikamkatalia. Ng'ombe wale wakipelekwa Bujora kwenye kupe na jua, ndigana ingewamaliza kabla arobaini ya marehemu haijafika, na hakuna mzee ambaye angewaita mahari. Basi akawauza. Wafanyabiashara wa mifugo wakinusa msiba hawana huruma. Walimlipa walichotaka, na nusu ya maziwa ya Buhongwa yakapanda malori yao. Tukaenda mnadani tukachagua wa kienyeji, wenye nundu, na rangi wanazozipenda wazee, maana rangi na yenyewe ni maneno. Urs aliuliza kuhusu kila mmoja kama mwanafunzi. Biashara yake haikusimama tena baada ya hapo, lakini siku ile hata hakuitaja.

Alitaka tuwashushe kabla ya kufika. Kwenye kona ya mwisho tuliteremsha ng'ombe, akachukua fimbo, akaanza kutembea nyuma yao. Mzungu wa karibu miaka sitini, koti jeusi, viatu vya msibani vimejaa vumbi. Watu walitoka majumbani. Wanawake wawili walianza vigelegele, wakakumbuka ni msiba, wakakatisha. Mimi nilikuwa natembea pembeni yake, na nilikuwa na furaha, kweli kabisa, nilidhani tumeokoa kitu.

Kwa Mzee Machibya turubai lilikuwa limefungwa na waombolezaji wamejaa, na mwili ulikuwa umeshafika, umelazwa ndani. Mzee aliinuliwa na watu wawili. Evelina alikuwa kati ya mashangazi, amejifunga khanga, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye macho ya mama yake.

Urs alisimama mbele ya ng'ombe wake. "Shikamoo, baba," alisema. Hakuwahi kumwita baba kabla ya siku hiyo. "Nimeleta mahali ya Kija."

Alilisema hivyo hivyo, kwa "l", kwa kusudi. Hakuna aliyecheka. Mzee Machibya aliwatazama wale ng'ombe taratibu, mmoja mmoja, kama mfugaji anavyotazama. "Ni ng'ombe wazuri," alisema. Mashimba alikuwa ameshaanza kuondoa miti ya lango la zizi, anaiondoa kwa haraka, na sitamlaumu. Aliwasubiri ng'ombe hao ujana wake wote.

Mzee akainua mkono. "Ngojeni. Wakishaingia hawa, huyu mtoto ni wa baba yake, na mama yake anazikwa Buhongwa. Mimi sitakuwa na neno. Sasa hivi bado ni mtoto wa kaya yangu, kwa hiyo namuuliza sasa hivi. Evelina, mama yako alale wapi?"

Nilidhani ni heshima tu. Nilidhani jibu linajulikana.

Evelina alisogea mbele. "Babu, mama alitaka kuwaona."

"Kuwaona nani?"

"Ng'ombe wakiingia. Alitaka awe amekaa ndani, asikie. Nilikuwepo siku anamwomba baba." Akamgeukia Urs. Hakupaza sauti. "Baba, alikuomba utembee tu. Ng'ombe walikuwepo, njia ilikuwepo. Leo umetembea. Unamtembelea nani?"

"Wewe," Urs alisema. "Na yeye. Evi, nimekosea. Nimekuja kusema nimekosea."

"Mimi sikukuomba ng'ombe. Na yeye hasikii." Akamrudia babu yake. "Alikaa na wasichana kwenye kila harusi, babu, na ninyi ndio mliomkalisha. Leo amekufa mnataka kumwita mke wa mtu, ili iwe rahisi kwenu na kwa baba. Sikubali. Alale hapa. Hawa wasiingie."

"Mwanangu, fikiri," Mashimba alisema, mti wa lango bado uko mkononi. 

"Mjomba, wasiingie."

Mzee Machibya alishusha mkono. Kidevu kilimcheza, kisha akamwonyesha Mashimba lango kwa kichwa. Mashimba akairudisha miti, mmoja mmoja. Urs angeweza kugomba. Angeweza kutaja cheti. Alisema, "Sawa," kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia, akabaki amesimama barabarani na ng'ombe wake, hajui awapeleke wapi, nao wameshaanza kula mahindi ya jirani. Nilitafuta watu wa kuwashika.

Tulimzika Kija kesho yake, Bujora, nyuma ya nyumba ile ya bati. Evelina alikaa na mashangazi, hakumtazama baba yake wala hakumkwepa. Mimi na Urs tulipewa viti vya plastiki upande wa wageni. Katekista ndiye aliyeongoza, na ndiye aliyesoma historia ya marehemu kwa sauti nzuri, kama inavyosomwa siku zote: alizaliwa hapa, alisoma hapa, alifanya kazi ya maziwa huko Buhongwa. "Marehemu hakubahatika kuolewa," alisoma. "Ameacha mtoto mmoja, Evelina Machibya."

Nilimshika Urs mkono. 

Kisha wakaanza kuita watu kuweka udongo na mashada. Waliita mtoto. Waliita baba wa marehemu, akaja akishikiliwa. Waliita kaka na dada, wakaita mashangazi, wajomba, wapwa, majirani, jumuiya ya kanisa. Kila walipoita, Urs alikuwa anasogea mbele kidogo kwenye kiti, shada lake liko magotini, kisha anarudi nyuma.

"Mume wanamwita lini?" aliniuliza.

"Hawamwiti," nikamwambia.

Katekista alikunja karatasi yake, akatazama upande wetu wa wageni. "Na wale waliofanya kazi na marehemu," alisema, "kama wapo, wasogee."

Urs alisimama, akafunga vifungo vya koti, akaenda.